Kisiwa kilichokufa mara mbili: asili ya "Remember It" ya X-Men '97 katika majarida ya katuni

Tarehe 10 Aprili 2024, Disney+ ilipoonyesha sehemu ya tano ya X-Men '97, mfululizo wa vibonzo kuhusu kundi la mashujaa wa kampuni ya Marvel, iliyopewa jina la "Remember It", watazamaji wengi walibaki na maswali mengi. Ndani ya nusu saa hivi kisiwa kizima cha Genosha kiliteketezwa, shujaa Gambit alikufa, Magneto, adui wa zamani wa X-Men, alifunikwa na moto, na mapenzi ya Magneto na shujaa wa kike Rogue yaliwashangaza hata watu waliowafuata mashujaa hawa tangu utotoni. Swali lililoulizwa zaidi lilikuwa moja: hadithi hii imetoka katika jarida gani? Ukweli ni kwamba haikutoka katika jarida moja. Mwandishi wake, Beau DeMayo, alisuka pamoja visa vilivyoandikwa na watu mbalimbali katika kipindi cha takriban miaka 40, na baadhi ya visa hivyo havikuwa vimewahi kuunganishwa kabla yake. Anayeisoma sehemu hii kama nakala ya kitabu fulani atapotea njiani, kwa sababu kila dakika chache inahama kutoka zama moja ya X-Men kwenda nyingine.

Ni vizuri kuanza na kisiwa chenyewe. Katika jiografia ya kubuni ya kampuni ya Marvel, Genosha ni kisiwa cha Bahari ya Hindi kilichoko mashariki mwa Afrika, kaskazini mwa Madagascar, yaani katika maji yaleyale yenye Komoro na Shelisheli. Kilitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la 235 la jarida la Uncanny X-Men, la Oktoba 1988, lililoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Rick Leonardi, na kisa chake kikaendelea hadi toleo la 238. Mwaka huo Afrika Kusini ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, Nelson Mandela alikuwa angali kifungoni, na suala la vikwazo vya kiuchumi dhidi ya serikali ya makaburu lilikuwa limewagawa wanasiasa wa Marekani. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa ni nchi gani iliyokuwa ikisemwa kwa mafumbo.

Genosha ya Claremont ni nchi tajiri, safi na tulivu, ambayo raia wake hujivunia uhuru na maendeleo yao bila kuuliza yanalipiwa na nani. Yanalipiwa na mutanti, yaani watu waliozaliwa na jeni zinazowapa uwezo usio wa kawaida. Kijana akipimwa na kuonekana kuwa na jeni hizo huchukuliwa na serikali, akabadilishwa mwili ili uwezo wake ufae kwa kazi fulani, akafutwa utashi na jina, akanyolewa nywele, akapewa nambari na kuvalishwa vazi la kubana asiloruhusiwa kulivua maisha yake yote. Mtaalamu anayeiongoza kazi hiyo ni David Moreau, na mwanawe Philip haujui ukweli mpaka mchumba wake, Jenny Ransome, anapotakiwa kupelekwa huko. Hapa ndipo Claremont alipoonyesha uhodari wake. Hakumweka jitu katili kwenye kiti cha enzi. Aliweka maofisa, mafomu, askari na kijana wa familia njema ambaye hajawahi kufikiri ni nani anayechimba madini na kuendesha treni zake. Ubaguzi uliopangwa na dola hufanya kazi hivyo, na hiyo ndiyo sababu matoleo yale manne yangali yanasomeka leo bila kuchakaa.

Jambo moja la matoleo hayo lina uzito mkubwa kwa yeyote anayeifuatilia "Remember It", ingawa kibonzo hakilitaji. Miongoni mwa waliotekwa na kupelekwa Genosha mwaka 1988 walikuwemo Madelyne Pryor na Rogue. Rogue, ambaye kwa maumbile yake humnyonya nguvu na kumbukumbu kila anayemgusa ngozi kwa ngozi, aliondolewa uwezo huo na Wipeout, mutanti aliyeitumikia serikali, kisha walinzi wa gereza wakamshika walivyotaka, yeye aliyekuwa ameishi miaka mingi bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo Genosha ilikuwa, tangu mwanzo, mahali ambapo swali la kumgusa Rogue liliulizwa kwa namna ya kutisha kabisa. Miaka 36 baadaye kibonzo kinalirudisha swali hilohilo kisiwani humohumo, safari hii likiulizwa na wanaume wawili wanaompenda.

Watoto wa miaka ya tisini waliijua Genosha kwa njia nyingine. Mfululizo wa kwanza, X-Men: The Animated Series, ulionyeshwa na Fox nchini Marekani kuanzia 1992 hadi 1997, na mwezi Februari 1993 ulitoa sehemu iliyoitwa "Slave Island". Humo Storm, Gambit na Jubilee wanakwenda Genosha kupumzika, wakidhani ni nchi inayowapokea mutanti kwa heshima, kisha wanajikuta wamefungwa pete za chuma shingoni zinazozima uwezo wao na kulazimishwa kujenga bwawa la umeme. Kugeuzwa mwili na kufutwa utashi kulikuwa kukali mno kwa televisheni ya watoto ya Jumamosi asubuhi, kwa hiyo waandishi waliweka pete ya shingoni mahali pa yote hayo, na nadhani walichagua vizuri. Pete ile ni picha ya utumwa ambayo mtoto wa miaka minane anaielewa papo hapo. Ikumbukwe pia ni nani aliyefungwa. Storm, ambaye jina lake ni Ororo Munroe, aliingia kwenye majarida mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men nambari 1 akiwa Kenya, ambako watu walimheshimu kama mungu wa mvua, na mama yake ni Mkenya. Kumwona mwanamke huyo akiwa na chuma shingoni katika kisiwa cha pwani ya Afrika Mashariki ni picha yenye historia nzito kuliko waandishi walivyoweza kuisema kwenye kipindi cha watoto.

Majaridani, kisiwa hicho kiliendelea kubadilika. Kisa kirefu cha "X-Tinction Agenda", kilichosambazwa katika majarida matatu kati ya 1990 na 1991, kiliuangusha utawala wa zamani. Miaka ya vurugu ikafuata. Kisha mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ukamkabidhi Magneto nchi hiyo ili kumtuliza. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyozaa Genosha ya "Remember It". Kibonzo kinaruka vita na vitisho vyote vilivyomfikisha Magneto pale, na badala yake Umoja wa Mataifa unaitambua Genosha kama taifa la mutanti katika hali ya matumaini ya kweli, huku Magneto akialikwa na baraza la muda kuwa kiongozi. Katika kibonzo Magneto amefika hapo kwa njia ya amani, kwa kuwa tayari ameshika nafasi ya Charles Xavier, mwanzilishi wa X-Men, na kuhukumiwa mbele ya dunia, mambo yanayotokana na toleo la 200 la Uncanny X-Men la mwaka 1985. Kwa maneno mengine, Magneto wa 1985 anapewa kisiwa cha 1999.

Kisha linakuja janga lenyewe, ambalo asili yake ni ya mwaka 2001. Grant Morrison, mwandishi wa Scotland, alilichukua jarida la X-Men likabadilishwa jina kuwa New X-Men, na akiwa na mchoraji Frank Quitely alianza na kisa cha matoleo matatu, nambari 114 hadi 116. Katika kisa hicho kiumbe aitwaye Cassandra Nova anaivumbua karakana ya siri ya roboti za Sentinel nchini Ecuador, anamtumia mtu wa ukoo wa Trask, watu waliozibuni roboti hizo, ili zimtii, kisha anazielekeza Genosha. Mutanti milioni 16 wanakufa. Idadi hiyo ilibadilisha mwelekeo wa majarida ya X-Men kwa miaka mingi, kwa sababu tangu hapo mutanti hawakuwa tena watu wanaohofia kuangamizwa siku zijazo. Walikuwa watu ambao tayari wameangamizwa.

Lakini ukisoma matoleo yale leo, utashangaa jinsi maangamizi yenyewe yanavyochukua nafasi ndogo. Tunaona mji, tunamwona Emma Frost akifundisha darasa, tunamwona Magneto dhaifu kwenye kiti cha magurudumu, na roboti zinafika. Baada ya hapo X-Men wanafika kwenye magofu na kumkuta Emma akiwa hai, ngozi yake imegeuka kuwa almasi, uwezo mpya uliojitokeza wakati wa shambulio, naye amemshika mwanafunzi wake aliyekufa. Morrison aliwaua watu milioni 16 ambao msomaji hakuwa ameishi nao. Alichokitaka ni mshtuko wa idadi na ubaridi wa habari ya maafa inayosomwa asubuhi, na alikipata. Nauheshimu uamuzi huo, ila mara zote nimeona kwamba Genosha ya 2001 ni jina la msiba zaidi kuliko kuwa mahali palipoishi watu.

DeMayo aliugeuza mpangilio huo, na hapa ndipo, kwa maoni yangu, nguvu yote ya "Remember It" ilipo. Sehemu kubwa ya nusu saa ile haina vita. Tunatembezwa mitaani, tunawaona Morlocks, wale mutanti wenye maumbo yasiyo ya kawaida waliokuwa wakijificha kwenye mahandaki chini ya New York, wakitembea juani bila kuficha nyuso zao. Tunawaona watoto, maduka, mizaha, baraza la muda lenye Emma Frost, Sebastian Shaw, Callisto, Moira MacTaggert, Banshee na Madelyne Pryor likipanga mambo ya nchi. Tunakwenda kwenye sherehe kubwa ya usiku, watu wamevaa mavazi ya fahari na muziki unapigwa. Wasomaji wa miaka ya karibuni watatambua kwamba maisha haya hayatokani na Genosha yoyote ya majaridani. Yanatokana na Krakoa, kisiwa cha mutanti kilichoanzishwa na mwandishi Jonathan Hickman mwaka 2019, ambacho kilikuwa na baraza lake la utawala na, kuanzia 2021, sherehe ya mavazi ya kila mwaka. Hata kuvamiwa katikati ya sherehe kuna kifani huko, kwa kuwa sherehe ya Krakoa ya mwaka 2023 iliishia kwenye mauaji. Kwa hiyo furaha ya sehemu hii ni ya 2019, msiba wake ni wa 2001, na mji unaobeba vyote viwili una jina la 1988.

Kuhusu Magneto na Rogue, waliolalamika kwamba jambo hili lilizushwa walikosea. Claremont aliwakutanisha wawili hao katika nchi ya porini ya Savage Land, hasa katika matoleo ya 274 na 275 ya Uncanny X-Men ya mwaka 1991, yaliyochorwa na Jim Lee, ambamo mvuto kati yao unaonekana wazi. Mwaka 1995, katika mkondo mbadala wa "Age of Apocalypse", waandishi walikwenda mbali zaidi na kuwafanya mume na mke wenye mtoto waliyemwita Charles. Kibonzo kinaongeza sababu ya kimwili iliyo rahisi kueleweka: Magneto anaweza kuutumia usumaku wake kuizuia nguvu ya Rogue, kwa hiyo ni mtu adimu anayeweza kumkumbatia bila kudhurika. Kwa Rogue, hilo si jambo dogo la mapenzi ya filamu. Ni nafasi adimu kwa mwanamke huyu kuweza kucheza dansi na mtu bila glavu na bila hofu, na ndiyo maana ngoma yao ya angani ni tukio la kusikitisha hata kabla ya roboti kufika: anaonja anachokikosa, na papo hapo anatambua kwamba kuguswa tu hakumtoshi, kwa maana moyo wake uko kwa Gambit, asiyeweza kumgusa.

Gambit mwenyewe hana asili yoyote katika msiba huu. Aliingia majaridani mwaka 1990, baada ya Genosha kuwa tayari imeanzishwa, na mwaka 2001 hakuwa miongoni mwa wahanga. Kifo chake ni uamuzi wa kibonzo peke yake. Anachomwa na mkono wa Sentinel kubwa yenye vichwa vitatu, na kwa kuwa uwezo wake ni kukijaza nguvu ya mlipuko kitu chochote anachokigusa, anaitumia silaha iliyomchoma kuijaza roboti yote na kuilipua pamoja naye. Ukiufikiria mpangilio wa sehemu nzima, utaona kwamba ilikuwa lazima iwe hivyo. Hadithi imezungumza tangu mwanzo kuhusu nani anaweza kumgusa nani, na mtu ambaye hakuruhusiwa kumgusa mpenzi wake anaikomboa nchi kwa kugusa. Rogue anapomshika mwishoni kwa mkono mtupu hakuna nguvu inayohama, na maneno yake kwamba hawezi kumhisi yana maana mbili ambazo mtazamaji anayemjua Rogue anazipata kwa pamoja.

Upande wa Magneto nao una chimbuko lake. Alipobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963 alikuwa adui wa kawaida anayetaka kuitawala dunia. Ni Claremont, katika toleo la 150 la mwaka 1981, aliyemfanya kuwa mtu aliyenusurika Auschwitz akiwa mtoto, na tangu siku hiyo kila anachokifanya Magneto kinasomwa kupitia mauaji ya Wayahudi. Katika dakika zake za mwisho kisiwani, akiwakinga Morlocks pamoja na mtoto Leech, Magneto anamtuliza mtoto huyo kwa Kijerumani, asiogope. Lugha ile ndiyo lugha ya waliomwangamizia watu wake, na sasa inatumiwa na mzee kumliwaza mtoto. Majarida ya 2001 yalimwonyesha Magneto akiwa mgonjwa asiyeweza kufanya lolote. Kibonzo kinampa nafasi ya kuwa kwa mara ya pili katikati ya maangamizi, akiwa mtu mzima mwenye nguvu zote anazozitaka, na bado zisitoshe.

Kuna nyuzi nyingine ambazo zinaweza kupitiwa haraka. Cable, shujaa anayesafiri katika wakati, anafika kabla ya shambulio kumwonya Madelyne, ambaye ni mama yake. Utata wa ukoo huo ulitokana na majarida ya miaka ya themanini na tisini, ambamo mtoto Nathan alipelekwa wakati ujao ili aokolewe na maradhi. Katika kibonzo mwenye kuituma Sentinel si Cassandra Nova. Sehemu zinazofuata zinamfichua Bastion, adui wa kisa cha "Operation: Zero Tolerance" cha 1997, akishirikiana na adui mwingine, Mister Sinister. Storm hayupo Genosha kwa kuwa wakati huo anapitia kisa cha "Lifedeath", kilichoandikwa na Claremont na kuchorwa na Barry Windsor-Smith mwaka 1984, ambamo anaishi akiwa amepoteza uwezo wake. Na Emma anapatikana kwenye kifusi akiwa almasi, kama Quitely alivyomchora.

Jarida la Morrison lilitoka majira ya joto ya 2001, kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa hiyo halikuweza kuyazungumzia. Kibonzo kiliweza. DeMayo, aliyeondolewa kwenye mfululizo siku chache kabla haujaanza kuonyeshwa, aliandika hadharani baada ya sehemu hii kwamba aliwafikiria watu wa Septemba 11, wa Tulsa na Charlottesville, miji iliyokumbwa na ukatili wa kibaguzi, na wa klabu ya usiku ya Pulse mjini Orlando, iliyoshambuliwa kwa risasi. Orodha hiyo inaeleza kwa nini shambulio linakuja wakati watu wanacheza muziki. Pia inaonyesha jambo linaloniuma kidogo kama msomaji wa upande huu wa bahari: mifano yote ni ya Marekani. Sehemu hii iliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy, na ilistahili, lakini Genosha yake ingeweza kuwa kisiwa cha bahari yoyote duniani. Claremont, ambaye aliwapa wenye nchi majina kama Moreau na Ransome, alikiweka kisiwa jirani na bara la Afrika kwa sababu ya Afrika Kusini. Sababu hiyo ilipoisha mwaka 1994, mahali palibaki bila maana, na kila mwandishi aliyefuata alikichukua kisiwa na kuiacha ramani yake.

Mtazamaji anayetaka kujua hadithi inaelekea wapi ana kidokezo kimoja. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, Apocalypse, adui mkongwe wa X-Men, anaonekana akiokota karata ya Gambit kwenye magofu ya Genosha huku akitamka neno kifo. Majaridani, katika kisa cha "The Blood of Apocalypse" cha mwaka 2006, Gambit anakuwa mmoja wa wapanda farasi wanne wa Apocalypse, na cheo anachopewa ni Kifo. Ikiwa waandishi watafuata njia hiyo, watakuwa wamekichukua tena kisa cha zama nyingine na kukiunganisha na Genosha, na Rogue atalazimika kupigana na mtu ambaye mwili wake aliwahi kuushika kwa mkono mtupu.